Acheni Nimtumie Mrushaji Wangu

Watu mtaani kwetu wanalalamikia nauli, mgao wa maji na waamuzi wa Ligi Kuu. Mimi nina malalamiko yangu, na sijapata wa kulia naye. Mmaliziaji wangu hataki kuitwa mapema. Ndiye mrushaji bora kikosini; mpira wake wapigaji hawauoni, wanausikia tu ukigonga glovu ya mdakaji. Analipwa mamilioni ya dola za kwenye kompyuta. Lakini nikimwingiza iningi ya saba, maji yakiwa yamenifika shingoni, anaingia amenuna, viwango vyake vinashuka papo hapo, na kesho yake naletewa ujumbe kwenye skrini kwamba haridhiki na majukumu aliyopewa. Haridhiki! Nani katika nchi hii anaridhika na majukumu aliyopewa?

Nazungumzia gemu la besiboli. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Wenye magemu ya mpira wa miguu wana pa kupeleka vilio vyao. Ingia kibanda chochote cha gemu jioni, utakuta vijana wameshikana mashati kwa sababu ya beki aliyeteleza. Mimi nikisema mpokezi wangu wa kati kaishiwa pumzi baada ya mipira kumi na minane, wananitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimekula. Hata Mama Zuhura, mwenye subira ya kusifiwa, alipita sebuleni usiku akauliza, "Baba Zuhura, hao watu wako mbona wamesimama tu?" Nikamwambia hawajasimama, wanafikiri. Akasema, "Basi fikirini taratibu, watoto wamelala."

Jina la gemu langu silitaji. Ugomvi ni wangu na lenyewe, na mimi ni mtu wa amani.

Ili tulalamike pamoja, acha nieleze kidogo. Mechi ya besiboli ina iningi tisa. Katika kila iningi kila timu inapata zamu ya kupiga, na zamu inaisha wapigaji watatu wakishatolewa. Anayebeba mzigo mkubwa wa kuwatoa ni mrushaji. Kazi yake ni ya kuumiza, maana mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mara tisini au mia kwa jioni moja. Viwiko vinakatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimtengenezea kano ya kiwiko Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, na upasuaji ule mpaka leo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Daktari aliyefanya kazi yote kaachwa pembeni, jambo ambalo ni la kulalamikiwa siku nyingine.

Kwa sababu ya viwiko hivyo, timu za Marekani huwa na warushaji watano wa kuanza mechi. Wanapokezana, anayerusha leo anapumzika siku nne au tano. Nyuma yao kuna kundi la warushaji wa kupokea, wanaokaa bulpeni, uga mdogo wa pembeni ambako watu hupasha misuli moto wakisubiri kuitwa. Na ndani ya bulpeni kuna matabaka. Kuna mpokezi wa safari ndefu, anayeitwa mambo yakiharibika mapema. Kuna wapokezi wa kati, ambao hakuna mtoto anayevaa jezi zao. Kuna mwenye iningi ya nane, anayetengeneza njia. Halafu kuna mmaliziaji, bwana mkubwa, anayeingia iningi ya tisa kwa muziki, taa zikiwakawaka.

Magemu yamechukua matabaka haya na kuyapiga mhuri. Ukifungua MLB The Show, ambalo jina lake lilianza kuonekana madukani mwaka 2006, kila mrushaji ana herufi mbili pembeni ya jina lake: SP anaanza, RP anapokea, CP anamalizia. Out of the Park Baseball, gemu la wapenda takwimu lililobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo lina herufi zake. Mjerumani huyo nampa heshima zote: nchi nzima inapiga mpira wa miguu, yeye kajifungia ndani kuhesabu warushaji wa Cleveland. Tungeelewana.

Herufi zenyewe sina shida nazo. Shida ni kwamba gemu langu linaziamini kuliko linavyoamini mkono wa mrushaji. Mwenye herufi za kumalizia akiitwa iningi ya saba, gemu linaona nimevunja katiba. Mwenye herufi za kuanza nikimtuma bulpeni, anapashwa moto polepole mpaka mechi inaamuliwa bado anajinyoosha bega. Hebu mpe kocha wa mpira wa miguu sheria hii: straika wako bora unaruhusiwa kumwingiza dakika ya 80 tu, tena timu yako iwe inaongoza. Ikiwa sare, au mmefungwa, akae benchi ale karanga. Kocha huyo angeandika barua ya kujiuzulu kabla ya mapumziko.

Sasa, nani aliyetunga upuuzi huu? Nilipochimba nikakuta, kwa aibu ya taaluma nzima, kwamba ni mwandishi wa magazeti. Jerome Holtzman alikuwa akiandika habari za besiboli Chicago. Mwaka 1959 mrushaji wa Pittsburgh aitwaye Elroy Face alimaliza msimu akiwa ameshinda mechi 18 na kupoteza moja, akasifiwa nchi nzima. Holtzman akaona kuna ujanja. Katika baadhi ya mechi hizo Face aliingia timu ikiongoza, akaruhusu wapinzani wasawazishe, kisha wenzake wakapiga tena wakashinda, na ushindi ukaandikwa jina lake. Holtzman akabuni hesabu mpya ya kumtuza mpokezi anayelinda uongozi badala ya kuuchezea. Hesabu hiyo ni sevu, na mwaka 1969 ligi ikaifanya takwimu rasmi.

Nia ilikuwa njema. Lakini mwandishi akishahesabu kitu, watu wanaanza kukicheza. Kwa kanuni za leo, njia ya kawaida ya kupata sevu ni kuingia timu yako ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, ukarusha iningi moja na kufunga mechi. Basi makocha wakamtafutia mtu kazi inayolingana na hesabu hiyo, iningi moja, ya mwisho, tukiwa mbele. Mwaka 1988 Tony La Russa, kocha wa Oakland, akamtumia Dennis Eckersley, aliyekuwa mrushaji wa kuanza kwa miaka mingi, karibu kila mara kwa kazi hiyo tu, akapata sevu 45. Timu nyingine zikaiga. Mariano Rivera wa Yankees akastaafu na sevu 652, na mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli kwa kura zote bila hata moja kupinga. Hapo mjadala ukafungwa. Mmaliziaji akawa cheo.

Kwa hiyo kompyuta inapoendesha timu pinzani na kumweka mrushaji wake bora benchi mechi ikiwa sare iningi ya kumi na moja, mimi hucheka, halafu nakumbuka kwamba imefundishwa na sisi. Tarehe 4 Oktoba 2016, katika mechi moja ya mtoano huko Toronto, Baltimore Orioles walikuwa na Zach Britton. Msimu ule alipewa nafasi 47 za sevu akapata zote 47. Mechi ikawa sare ya mbili kwa mbili. Kocha Buck Showalter akangoja. Iningi ya tisa, akangoja. Ya kumi, akangoja. Britton anawekwa kwa ajili ya wakati timu itakapoongoza. Ya kumi na moja, akiwa uwanjani mrushaji mwingine, Edwin Encarnación wa Toronto akaupeleka mpira jukwaani, pointi tatu kwa mpigo, mwisho wa msimu. Mrushaji bora wa Baltimore alimaliza usiku ule bila kuitwa, yuko bulpeni akisubiri hali ambayo haikufika.

Na Oktoba hiyohiyo, Terry Francona wa Cleveland alikuwa akimwita Andrew Miller wakati wowote moto unapowaka, hata iningi ya tano, bila kuangalia saa wala cheo. Cleveland wakafika fainali, na Miller akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo wa kuamua bingwa wa American League. Kila mtu aliyetazama alielewa kuwa mrushaji bora anaitwa wakati wa hatari kubwa, na hatari kubwa haina miadi na iningi ya tisa.

Kila mtu, isipokuwa gemu langu.

Utaniambia mmaliziaji ana haki ya kununa, maana kwa watu halisi sevu ni mshahara. Hilo nalikubali kabisa. Mwaka 2017 Dellin Betances wa Yankees, mpokezi aliyekuwa akiwatoa watu anavyotaka, aliomba kwa wasuluhishi alipwe dola milioni 5. Klabu ikasema milioni 3, na hoja yake ilikuwa kwamba pesa anazotaka ni za wamaliziaji. Wasuluhishi wakakubaliana na klabu. Mkono uleule, jasho lilelile, tofauti ni iningi aliyoingia. Kwa mtu mwenye familia, kuitwa iningi ya saba badala ya ya tisa ni kukatwa mshahara mchana kweupe.

Lakini huyu wangu hana familia! Hana kodi ya nyumba, hana ada ya watoto, hana shangazi anayepiga simu mwisho wa mwezi. Ni namba zilizovikwa kofia na ndevu. Watengenezaji walikuwa na uwezo wa kumpa tabia yoyote waliyotaka, utiifu, ucheshi, hata shukrani. Wakakaa mezani, wakatafakari, wakampa manung'uniko ya kiutumishi.

Tena gemu lenyewe linajua thamani ya manung'uniko hayo. Nikichukua mpokezi wa kawaida nikambadilisha herufi akawa mmaliziaji, bei yake sokoni inapanda kabla hajarusha hata mpira mmoja. Timu za kompyuta zinaanza kubisha hodi. Wiki iliyopita hazikumjua jina. Baadaye kompyuta inaniletea pendekezo la kubadilishana: nitoe kijana wangu wa miaka 21 mwenye mkono wa dhahabu, nipokee wamaliziaji watatu wastaafu watarajiwa, mmoja wao akiwa majeruhi tangu mvua za vuli. Nikikataa, inanisikitikia.

Tuje kwenye pumzi. Kila mrushaji ana mstari wa pumzi, kijani akiwa mzima, njano akichoka, nyekundu basi. Aliyeanza mechi jana, leo mstari wake ni mwekundu, na akiingia anatupa mipira mpaka kwa wauza soseji. Sipingi uchovu. Napinga gemu kujifanya linaujua uchovu kuliko wachezaji wenyewe. Mwaka 2014, katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Kansas City, Madison Bumgarner wa San Francisco aliingia iningi ya tano baada ya mapumziko ya siku mbili tu, wakati mechi ya tano aliirusha yote peke yake. Akarusha iningi tano bila kuruhusu pointi hata moja, ubingwa ukapatikana, na katika daftari akaandikiwa sevu. Mrushaji wa kuanza, mwenye sevu! Mwaka 2025 Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alianza mechi ya sita ya fainali huko Toronto, akarusha mipira 96. Kesho yake, mechi ya saba, akaitwa kutoka bulpeni iningi ya tisa, akarusha mpaka ya kumi na moja, Dodgers wakawa mabingwa na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Nikijaribu hivyo kwenye gemu langu, kwanza linaniuliza, "Una uhakika?" Nikisema ndiyo, linaniuliza tena. Nikisema ndiyo mara ya pili, Yamamoto wangu anaumia kiwiko na kukaa nje mpaka msimu unaofuata. Hiyo si simulizi ya uchovu, ni adhabu kwa mkaidi.

Halafu kuna wale wa Tampa Bay. Tarehe 19 Mei 2018 kocha Kevin Cash alimwanzisha mechi Sergio Romo, mpokezi wa miaka mingi aliyewahi kuwa mmaliziaji. Akarusha iningi moja, akawatoa wapigaji watatu wote kwa straiki, bila mmoja wao kuuingiza mpira uwanjani, akaondoka, akaingia mrushaji mwingine wa kubeba safari ndefu. Kesho yake wakamwanzisha Romo tena. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Iningi ya kwanza ndiyo pekee ambayo una uhakika wapigaji bora wa adui watapiga, basi peleka mtaalamu wa iningi moja akutane nao, na yule wa safari ndefu aanzie kwa walio dhaifu. Wazee wa besiboli walilia kana kwamba wameuziwa shamba la urithi. Lakini wengine wakaiga, na leo si habari tena.

Kwenye gemu langu bado ni habari. Nikimwanzisha mpokezi, msaidizi wa kompyuta anadhani nimekosa watu. Anamtangaza Romo wangu kuwa mrushaji wa kuanza wa kudumu, anampangia mapumziko ya siku nne baada ya mipira kumi na mmoja, na yule wa safari ndefu anahesabiwa mpokezi, kwa hiyo kesho yake yuko bulpeni ananisubiri nimwite tena, mstari mwekundu, mkono unaning'inia. Mzunguko wangu wote wa watu watano unasogea siku moja. Nitakuwa narekebisha ratiba hiyo mpaka adhana ya alfajiri.

Na wala sijamtaja Shohei Ohtani, aliyekuja Marekani mwaka 2018 akirusha na kupiga. Mwaka 2021 alipiga homurani 46, yaani mipira ya kwenda jukwaani, na kushinda mechi 9 kama mrushaji, akawa mchezaji bora wa American League. Hata ligi yenyewe ilimtafutia lebo. Tangu 2020 kuna cheo cha mchezaji wa njia mbili, na masharti yake, iningi 20 za kurusha na mechi 20 za kupiga. Mwaka 2022 wakaongeza kanuni kwamba mrushaji aliyeanza huku akijipigia mwenyewe anaweza kubaki kwenye orodha ya wapigaji hata akiacha kurusha. Mwaka huohuo picha yake ikawa kwenye jalada la MLB The Show 22. Mtu mmoja kaweza kuvunja karatasi za nchi nzima. Lakini gemu langu nikiliambia nataka mpigaji wangu huyu mwenye bega zuri arushe iningi moja, linanijibu kwamba nafasi hiyo si yake. Ni mpigaji. Kazaliwa mpigaji, atazikwa mpigaji.

Sasa kikosi. Hapa naomba msomaji mwenye shinikizo la damu aruke aya mbili.

Timu ya ligi kuu ya Marekani inaruhusiwa wachezaji 26, na tangu 2022 warushaji wasizidi 13. Septemba wanakuwa 28. Nyuma yao kuna orodha kubwa ya watu 40. Mchezaji wa orodha hiyo unaweza kumshusha ligi za chini na kumrudisha, lakini kwa kawaida hilo linaruhusiwa katika misimu mitatu tu. Baada ya hapo ukitaka kumshusha lazima kwanza umweke mezani, na timu nyingine ikimtaka inamchukua. Mrushaji ukimshusha anakaa huko siku 15, labda awe anaziba nafasi ya majeruhi. Akiumia, orodha ya majeruhi kwake ni siku 15, wakati mpigaji ni siku 10. Nazijua sheria hizi kuliko ninavyozijua za kodi ya majengo, na zote zinanikosesha usingizi.

Gemu langu limezinakili zote, nukta kwa nukta, isipokuwa huruma. Naongoza ligi, natabasamu, nabonyeza kitufe cha kwenda siku inayofuata. Halisogei. Ujumbe: kikosi chako si halali, una warushaji 14. Vipi wawe 14 wakati jana walikuwa 13? Kumbe majeruhi mmoja amepona usiku wa manane bila taarifa, akajirudisha kazini mwenyewe. Mfanyakazi wa namna hiyo sijapata kumwona popote duniani, na ndiye nimepewa wakati simtaki. Napewa machaguo mawili: nirekebishe mwenyewe, au nimwachie msaidizi.

Usimwachie msaidizi. Msaidizi ana falsafa. Kati ya mzee wa miaka 38 anayerusha mpira ukiomba ruhusa na kijana anayewatoa watu kwa raha zake, anamshusha kijana, kwa sababu kijana bado anaruhusiwa kushushwa na mzee haruhusiwi. Kisheria yuko sahihi. Kisheria! Akimaliza anapitia bulpeni na kuipanga upya kwa herufi. Mwenye iningi ya nane anapelekwa safari ndefu, mmaliziaji anaachwa alipo, na nafasi ya mpokezi wa kati anapewa mtu ambaye sikumbuki nilimsajili lini. Nikirudi kutoka jikoni na chai yangu, nakuta mechi nne zimeshachezwa na tatu nimefungwa.

Mama Zuhura alinikuta katika hali hiyo akataka kujua kulikoni. Nikamweleza habari ya kijana na mzee. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akauliza, "Sasa huyo kijana kachoka?"

"Hapana."

"Mzee je, anajua kazi?"

"Alikuwa anaijua."

"Basi mpe anayeweza. Baba Zuhura, hilo nalo ni la kukesha?"

Mwanamke huyu hajawahi kushika pedi ya gemu, na ameisema siri nzima ya besiboli kwa maneno mawili. Mpe anayeweza.

La kunikasirisha zaidi ni kwamba dawa ipo, na haina gharama. Iko kwenye besiboli ya watoto. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilifika Williamsport, Pennsylvania, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, na ikaondoka na ushindi wa mechi moja. Katika mashindano hayo hakuna anayehangaika na cheo cha mrushaji. Kanuni inahesabu mipira. Mtoto wa miaka 11 au 12 hazidishi mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi anapumzika siku nne. Akirusha michache, anapumzika kidogo. Basi. Kocha anaangalia hesabu, anaangalia mkono, anaamua. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuishi na kanuni hiyo, lakini gemu lenye kompyuta ya kupandisha roketi linahitaji vyeo sita na barua ya manung'uniko.

Wajapani nao walishapata ufumbuzi zamani. Katika mfululizo wa Power Pros wa Konami, ulioanza mwaka 1994, mrushaji anaweza kuwekewa uwezo wa kuanza, wa kupokea na wa kumalizia, kila mmoja peke yake, na mtu mmoja akawa na zaidi ya mmoja. Ni watu haohao waliotusaidia kuupanda mchezo huu Tanzania, mpaka Dar es Salaam ikapata uwanja wa besiboli pale Azania kwa msaada wa Japani. Kwa vijana wengi wanaocheza pale, anayerusha iningi hii anadaka iningi ijayo, na akikosekana mtu anakimbilia besi ya pili. Mweleze kijana huyo kwamba kwenye televisheni kuna bwana anayelipwa mamilioni na hawezi kurusha iningi ya saba kwa sababu ya herufi. Atadhani unamtania.

Basi ombi langu kwa watengenezaji ni fupi. Futeni herufi, au ziacheni ziwe mapambo. Nipeni hesabu tatu tu kwa kila mrushaji: amerusha mipira mingapi, amepumzika siku ngapi, na mkono una hali gani. Akirusha vizuri mruhusuni afurahi, hata kama ni iningi ya saba. Msaidizi mpeni likizo ndefu, yenye malipo nikitakiwa kuchangia. Na majeruhi akipona, apige hodi kwanza.

Na wewe msomaji, ukimkuta mtu usiku wa manane mbele ya skrini, watu wake wamesimama tu na hakuna linaloendelea, usimuulize kama amekula. Muulize amebakiwa na nani bulpeni. Halafu vuta kiti, maana jibu ni refu.